Kumheshimu Mtu na Kuitunza Sanamu Yake

Ndugu wasomaji, neno tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu lilianza kwa jambo dogo, nalo lilitokea hapa Babati, katika nyumba ya mzee mmoja wa usharika. Mzee huyo ana sanamu ndogo ya plastiki, ambayo urefu wake wazidi kidogo tu kidole cha kati cha mtu mzima. Ni sanamu ya mtu mweusi aliyevaa sare nyeupe na kofia ya buluu, yaani mchezaji wa besiboli, mchezo wa Wamarekani. Tangu ilipotoka kiwandani sanamu hiyo haijaguswa na mkono wa mtu. Imefungwa juu ya karatasi ngumu, na kifuniko cha plastiki kilicho angavu kama kioo kimeizunguka pande zote.

Aliipataje? Miaka mingi iliyopita, gari la mgeni mmoja kutoka Marekani liliharibika katika barabara ya kutoka Arusha kwenda Dodoma, si mbali na mji wetu. Mzee alimkaribisha mgeni, akamlaza na kumlisha hata gari lilipotengenezwa. Mgeni alipoondoka alimpa sanamu hiyo, akamwonya asiifungue kamwe, kwa maana kitu kama hicho kikikaa katika kifungo chake siku moja huwa na thamani kubwa. Mzee aliyashika maneno hayo. Akaiweka katika sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo na stakabadhi za shamba, akafunga kwa kufuli.

Mwaka huu mjukuu wake, mtoto wa darasa la 3, aliiona sanduku lilipofunguliwa. Akaiomba apate kucheza nayo, akanyimwa. Akalia, kama watoto waliavyo, kisha akafuta machozi na kuuliza, “Babu, huyu ni nani?” Babu akatazama jina lililoandikwa, akalisoma polepole, akanyamaza. Hakumjua. Kwa miaka mingi alikuwa amemtunza mtu asiyemjua.

Jumapili iliyofuata jambo hilo likaletwa mbele yetu baada ya ibada, tulipokuwa tumeketi kivulini pamoja na wainjilisti. Mmoja alisema, “Hiyo ni sanamu, na sanamu hazifai katika nyumba ya Mkristo, na itupwe motoni.” Wa pili alisema, “Ni kitu cha kuchezea tu, mpe mtoto.” Wa tatu alisema, “Ni mali. Mtu mwenye akili hampi mtoto mali aivunje.” Tulicheka, tukaagana. Lakini swali halikuondoka pamoja na watu. Tuliona kwamba ndani yake mna swali kubwa kuliko sanamu yenyewe: tukisema twamheshimu mtu, heshima hiyo yakaa wapi? Je, yakaa katika kitu tunachokitunza, au katika jambo jingine?

Kwanza yafaa tujue vitu hivi ni nini. Katika besiboli mtu mmoja hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia. Huko Dar es Salaam mchezo huu umeanza kujulikana kwa msaada wa Wajapani, na uwanja wake ulifunguliwa katika shule ya Azania mwaka 2018. Huku kwetu watoto hucheza mpira wa miguu na kushindana mbio. Gongo la besiboli hawajaliona. Lakini Marekani mchezo huu ni wa zamani, na wachezaji wake wakuu husifiwa vizazi na vizazi.

Kwa hiyo wenye viwanda waliona faida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Hartland, katika jimbo la Wisconsin, kilianza kutengeneza sanamu za plastiki za wachezaji wakuu wa siku zile. Baadaye, mwaka 1988, kampuni ya Kenner ya mji wa Cincinnati ilitoa sanamu ndogo zilizoitwa Starting Lineup. Wazo lake lilitoka kwa Pat McInally, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika mji ule ule. Zilikuwa za watoto. Kila mtoto angeweza kuwa na mchezaji wa timu ya mji wake, na kadi yenye picha yake. Katika miaka ya 1990 zikatolewa pia sanamu za mashujaa wa kale wa mchezo, na sanamu ya mzee wetu ni mojawapo ya hizo. Mwaka 2001 kazi ile ikakoma, ingawa jina lake limefufuliwa tena katika siku hizi.

Lakini jambo la ajabu likatokea. Watu wazima walisikia kwamba kadi za kale za wachezaji, zile zilizosalimika katika masanduku ya mama zao, zimeuzwa kwa fedha nyingi. Basi wakaanza kununua kadi mpya na sanamu mpya, si ili watoto wazichezee, bali wazifiche zikiwa zimefungwa. Viwanda navyo vikatengeneza kwa wingi, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi. Hata miaka ilipopita, wakafungua makabati yao ili wauze, wakaona kwamba jirani zao wote wamefungua makabati pia. Kitu cha kale kilikuwa na bei kwa sababu karibu watu wote walikuwa wamekitumia na kukitupa, kikabaki kichache. Kitu kipya hakikupata bei kwa sababu karibu watu wote walikitunza. Ndivyo vitu vingi vilivyofichwa katika miaka ile vilivyokosa faida iliyotumainiwa.

Tumewaeleza habari hizi kwa urefu kidogo kwa sababu zatuonyesha jambo moja: kitu kilichofanywa kwa ajili ya mkono wa mtoto kiligeuzwa kuwa kitu ambacho mtoto hana ruhusa ya kukigusa.

Sasa na tuyapime maneno ya wale ndugu watatu.

Yule wa kwanza alisema sanamu itupwe motoni. Hofu yake twaiheshimu, kwa kuwa kanisa lina sababu ya kuogopa sanamu. Lakini sisi Walutheri twapaswa kukumbuka yaliyotokea Wittenberg mwaka 1522. Luther alipokuwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, watu wenye bidii waliingia makanisani na kuanza kuziondoa na kuzivunja sanamu. Mwezi wa Machi Luther akarudi, akahubiri siku 8 mfululizo. Hakuwatetea walioabudu sanamu. Aliwafundisha kwamba mkono ukivunja mti na jiwe, moyo waweza kubaki vile vile; neno ndilo liwezalo kuutoa mungu wa uongo moyoni, na likiisha kumtoa, sanamu iliyobaki ukutani haina nguvu.

Tena tunayo habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza jangwani, na watu wakapona. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja nyoka yule yule, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Ndugu, shaba ile haikubadilika. Ilikuwa shaba siku ya Musa, na shaba siku ya Hezekia. Waliobadilika ni watu. Basi swali la kumwuliza mzee wetu si kama kitu kile ni sanamu. Swali ni hili: moyo wako wafanya nini mbele yake? Nasi twajua kwamba moyo wa mzee haumwabudu mchezaji; hata jina lake hakulijua. Kama moyo wake umeshikamana na jambo lolote, umeshikamana na ile bei ya siku moja. Hapo ndugu wa kwanza ana neno la kutuonya, ila si lile alilolisema.

Yule wa pili alisema, ni kitu cha kuchezea tu. Neno hili la “tu” halitupendezi sana, kwa kuwa yule mtoto hakuomba kucheza tu. Aliuliza, “Huyu ni nani?” Basi na tumjibu, maana alistahili kujibiwa siku ile.

Jina lililoandikwa ni Jackie Robinson. Alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia, mjukuu wa watumwa. Siku zile wenye timu kubwa za besiboli hawakuwakubali watu weusi; hapakuwa na sheria iliyoandikwa, ila tangu karne ya 19 walipatana hivyo, na mapatano yasiyoandikwa mara nyingi ni magumu kuvunjwa kuliko sheria. Alipokuwa askari, mwaka 1944, Robinson alikataa kuhamia viti vya nyuma vya basi kwa ajili ya rangi yake, akashtakiwa mbele ya mahakama ya jeshi, akaonekana hana hatia. Kisha Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers, akamwita. Rickey alimweleza kwamba atatukanwa na kutishwa, na kwamba hamtafuti mtu mwenye ushujaa wa kupiga, bali mwenye ushujaa wa kutorudisha pigo. Robinson akakubali. Tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani. Walimtukana kwa matusi ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Barua za kumtisha zikamfikia. Wapinzani wengine wakamkanyaga kwa viatu vyenye miiba ya chuma. Akanyamaza, akacheza. Mwisho wa mwaka akapewa tuzo la mchezaji mpya bora. Na mlango alioufungua haukufungwa tena. Alifariki mwaka 1972, umri wake miaka 53. Mwaka 1997 timu zote kubwa ziliamua kwamba namba yake ya mgongoni, 42, isipewe tena mchezaji mpya.

Sasa itazameni sanamu ya mzee wetu. Yaonyesha sare, kofia, na sura ya mtu mwenye afya. Je, yaonyesha matusi? Yaonyesha mtu aliyefunga kinywa hali moyo wake ukichemka? Haionyeshi, wala haiwezi. Jambo lililomfanya mtu huyu astahili sanamu ndilo lisilowezekana kutengenezwa kwa plastiki. Sanamu ni kama kibao cha njia panda: chaonyesha upande wa kwenda, lakini mtu akikaa chini ya kibao hafiki mjini.

Twaongeza habari nyingine juu ya mtu huyu huyu. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, palisimamishwa sanamu yake kubwa ya shaba nyeusi, katika bustani ambamo watoto wa mji hufundishwa besiboli. Mwezi wa Januari 2024 wezi walikuja usiku, wakaikata kwenye vifundo vya miguu, wakaichukua. Siku chache baadaye vipande vyake vikaonekana, vimeunguzwa katika pipa la takataka. Wenye kuchunguza walisema kwamba wezi walitaka kuiuza kama chuma chakavu. Hapa kwetu twajua namna hii ya wizi. Mifuniko ya mitaro na vyuma vya alama za barabarani hupotea kwa njia ile ile. Kwenye jiwe la msingi vilibaki viatu tu. Lakini watu wengi wakatoa fedha, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule sanamu mpya ikasimamishwa. Vile viatu vilivyobaki vikapelekwa katika nyumba ya kumbukumbu ya wachezaji weusi huko Kansas City.

Twasemaje juu ya mwizi yule? Twasema kwamba alitazama heshima ya mtu akaona kilo za shaba. Lakini, ndugu, na tujihukumu wenyewe pia. Mtu anayefunga sanamu katika sanduku akingoja bei yake ipande, naye ameitazama kwa jicho la namna gani? Hatusemi kwamba yeye ni mwizi, hasha! Mwizi huchukua kilicho cha mwingine, na mzee wetu alipewa zawadi kwa ukarimu wake. Twasema tu kwamba jicho la bei laweza kukaa hata katika uso wa mtu mwema, asiwe na habari.

Ndipo twafika kwa ndugu wa tatu, aliyesema ni mali na itunzwe. Hapa hatukutaka kusema kwa haraka. Tulikwenda nyumbani kwa mzee jioni moja, tukamweleza habari za Robinson, na mjukuu wake akiwapo anasikiliza. Kisha tukamwambia, kwa maneno ambayo sasa twayaona kuwa makali mno, kwamba amefanana na yule mtumwa aliyeifukia talanta yake. Mzee alituacha tumalize. Akajibu, “Ndugu zangu, nimewasikia. Lakini ninyi mwadhani niliweka sanamu. Mimi niliweka ada ya shule. Mahindi huliwa na fukusi, ng'ombe hufa kwa ukame, na fedha mkononi huisha. Nilipoambiwa kwamba kitu hiki kidogo kitaongezeka bila kula na bila kunywa, nilimshukuru Mungu, nikakifunga. Je, maskini akitunza, ni choyo?”

Tukanyamaza. Kwa kweli si choyo. Tajiri huko ng'ambo aliyejaza chumba chake sanamu mia na mzee huyu mwenye sanamu moja hawafanyi jambo moja, ingawa mikono yao yafanana. Mmoja atunza kwa kuwa hatosheki. Mwingine atunza kwa kuwa aogopa kesho, wala hofu yake si ya upuuzi. Ye yote anayewafundisha watu wa nchi ya ukame wasiweke akiba hajapata kulala na njaa. Kwa hiyo neno letu la talanta lilikuwa limepita mpaka, nasi twakiri hivyo mbele ya wasomaji.

Walakini pana tofauti kati ya akiba na akiba, nayo ndiyo tuliyoitafuta baada ya kusikia jibu la mzee. Mkulima wa Babati atengapo mbegu bora za mahindi, huzifunga vizuri, huzitundika juu ya moshi wa jiko, na mtoto akitaka kuzila humkataza. Amezinyima midomo ya leo. Lakini amezitunza kwa ajili ya kazi yake yenyewe mbegu, yaani kuota. Kadhalika wale waliovipokea viatu vya shaba vya Robinson katika nyumba ya kumbukumbu hawamruhusu mtu kuvivaa. Lakini wamevitunza ili watu wavione na kuuliza. Hivyo kunyima si kosa siku zote. Kosa ni kutunza kitu namna ya kuiua kazi yake, kwa kutumaini kazi nyingine isiyo yake. Kazi ya sanamu ya shujaa ni kumfanya mtoto aulize, “Huyu ni nani?” Sanamu iliyo chini ya vyeti katika sanduku lenye kufuli ilikuwa kama mbegu iliyotundikwa miaka 20 bila kuona mvua.

Na lile tumaini la ada? Kijana mmoja wa usharika alitafuta habari za bei, akaona kwamba sanamu kama hii, ingali katika kifungo chake, huuzwa kwa fedha kidogo, zisizotosha hata sare ya shule. Sababu yake mmekwisha kuisoma hapo juu. Tulisikitika kumpelekea mzee habari hii, kwa maana si furaha kumwondolea mtu tumaini, hata kama ni la uongo. Lakini kumwacha nalo kungekuwa ni kumdharau. Mgeni yule hakumdanganya kwa kusudi. Yeye naye aliamini yaliyoaminiwa na wengi siku zile.

Sasa twataka kuwaambia jambo ambalo mzee hakulijua, wala wengi wetu hatukulijua, nalo limetustaajabisha. Jackie Robinson alikuwa na mwana, jina lake David. Katika miaka ya 1980 David Robinson alihama Marekani akaja kukaa Tanzania. Akalima kahawa katika nchi ya Mbozi, kusini-magharibi, akaungana na wakulima wadogo katika ushirika, ili kahawa yao ifike sokoni ng'ambo kwa bei iliyo bora. Basi fikirini: katika Babati mzee alikuwa amemfungia baba ndani ya plastiki, akitumaini faida, na katika nchi hiyo hiyo ya Tanzania mwana alikuwa akishika jembe pamoja na watu. Katika hawa wawili, ni nani aliyemtunza Jackie Robinson? Mtu aliyesema kwa maisha yake kwamba mtu mweusi asizuiwe kupata haki ya kazi yake, hutunzwa vizuri zaidi katika mizani ya haki ya kahawa kuliko katika kabati.

Mwisho, ndugu wasomaji, mtoto alituuliza swali la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Alisema, “Na wa kwetu je? Wa kwetu ana sanamu?” Tukamwambia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, katika mkoa wetu huu wa Manyara. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni katika michezo ya Olimpiki, mji wa Mexico, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Njiani misuli ilikaza. Akiwa kati ya wakimbiaji waliosongamana akaanguka, goti likaumia vibaya, na bega likapiga chini. Wakamfunga kitambaa, akaendelea, akichechemea na kutembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa 1 nzima. Jua limekwisha kuchwa, watu wengi wamekwenda zao. Kati ya watu 75 walioanza, 18 waliacha. Akhwari akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, wa 57, akaumaliza mzunguko. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali azimalize. Mwaka 1983 nchi ikampa nishani ya heshima.

Viwanda vya sanamu hupenda washindi; mtu aliyefika wa mwisho si bidhaa. Lakini juma lililofuata tulimkuta yule mtoto kando ya nyumba na udongo mikononi. Watoto wa huku tangu zamani hufinyanga ng'ombe wa udongo wanapochunga. Safari hii alikuwa amefinyanga mtu anayekimbia, mguu mmoja umepinda, na gotini amefunga uzi wa kitambaa cheupe. Haikuwa nzuri, kichwa kilikuwa kikubwa mno. Alipotuonyesha ilikuwa imekwisha kupasuka kwa jua. Tukamwambia imepasuka. Akasema, “Si neno, nitafanya nyingine,” akatusimulia habari yote ya Akhwari tangu mwanzo hata mwisho, bila kukosea.

Na ile sanamu ya plastiki? Hatukumwamuru mzee aifungue, wala hatukumkataza. Zawadi ni yake. Yeye ameitoa katika sanduku na kuiweka juu ya meza, ingali katika kifungo chake. Mgeni akiuliza, mjukuu ndiye anayeeleza. Mzee amesema ataikata plastiki siku mtoto atakapoweza kuisoma mwenyewe kadi iliyo ndani, nasi twaona ni shauri jema.

Walimu na wainjilisti, katika nyumba zenu na shule zenu mna picha za watu mnaowaheshimu: wazazi waliofariki, wachungaji wa kwanza, viongozi wa nchi, wachezaji wa mpira. Hatuwaambii mziondoe. Twawaomba mfanye jaribio moja. Mwiteni mtoto mmoja, mwonyesheni picha, mkamwulize, “Huyu ni nani, na alifanya nini?” Akijibu, picha yenu i hai. Asipojibu, msimlaumu yeye. Ketini naye mkamsimulie siku ile ile.